Majaribu, Karama na Neema: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaouliza maswali haya ni watu wanaotumika kanisani: wanaimba, wanafundisha watoto, wanaombea wagonjwa, wanahubiri. Wanampenda Mungu, na wanashangaa kwa nini bado wanajaribiwa vikali. Nimeyajibu kwa pamoja kwa sababu katika maisha ya mwamini mambo haya matatu hayaachani. Karama humweka mtu mahali pa kujaribiwa, na jaribu humwonyesha kwamba karama peke yake haina nguvu ya kumshikilia. Hapo ndipo anapoanza kuitafuta neema kwa dhati.

Kujaribiwa ni dhambi?

La. Yesu alijaribiwa nyikani kwa siku 40, na Waebrania 4:15 inasema alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi.

Yakobo anaifuata dhambi tangu inapoanza. Mtu huvutwa na kudanganywa na tamaa yake mwenyewe. "Halafu ile tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi, na ile dhambi ikiisha kukomaa huzaa mauti" (Yakobo 1:15). Wazo baya lililopita kichwani halijawa dhambi. Ukilikaribisha, ukakaa nalo, ukaanza kulipangia saa na mahali, hapo mimba imeshaingia.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona waumini wenye dhamiri nzuri wakijihukumu pale wazo linapopita tu, wakachoka kabla vita haijaanza. Kisha hujiambia, "Nimeshachafuka, acha nimalizie." Huo ni uongo, na umeangusha wengi kuliko tamaa yenyewe. Wazo limekuja? Mwambie Mungu palepale kwamba limekuja, uendelee na kazi yako.

Anayenijaribu ni Mungu au ni shetani?

Yakobo 1:13 iko wazi: "Mungu hawezi kujaribiwa na maovu, wala yeye mwenyewe hamjaribu mtu." Lakini Mwanzo 22 inasema Mungu alimjaribu Ibrahimu. Ukitazama nia, fumbo linafunguka. Mungu huipima imani ili iimarike, na kamwe hamvuti mtu atende uovu. Tukio moja linaweza kubeba nia zote mbili, kama lilivyombebea Ayubu: shetani alitaka Ayubu amkufuru Mungu, na Mungu aliyeruhusu akaweka mipaka ambayo shetani hakuweza kuivuka.

Kuna na wa tatu tunayemsahau, yaani tamaa yetu wenyewe. Wapo wanaokemea pepo kila wiki kwa jambo ambalo lingepungua nguvu kwa kufuta namba moja ya simu.

Kwa hiyo tunapoomba "usitutie majaribuni" hatumshitaki Mungu kwamba anatutegea. Tunakiri kwamba akituacha wenyewe hatufiki mbali.

Mbona naanguka mara tu baada ya ibada nzuri au mfungo?

Hauko peke yako, na wala si dalili kwamba ibada ile ilikuwa ya bure. Yesu alitoka majini kwenye ubatizo, sauti ya Baba ikasikika, na Marko anasema Roho akamtoa mara aende nyikani. Eliya aliona moto ukishuka mlimani Karmeli, na muda si mrefu akawa anakimbia vitisho vya malkia Yezebeli, akaketi chini ya mretemu akiomba afe. Angalia alivyotendewa. Mungu hakuanza na hotuba. Malaika alimgusa, naye Eliya akakuta mkate ulioiva juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Aliguswa mara ya pili, akala tena. Mazungumzo ya mlimani Horebu yalikuja baadaye.

Mwili uliochoka hauna ulinzi. Mfikirie mhubiri anayerudi nyumbani usiku baada ya siku ya mwisho ya mkutano. Sauti imekauka, hajala tangu mchana, wa nyumbani wamelala. Anakaa ukingoni mwa kitanda na viatu bado viko miguuni, simu mkononi, jumbe za pongezi zinaingia moja baada ya nyingine. Moyo umejaa na mwili hauna kitu. Saa kama hiyo ujumbe mmoja usiofaa una nguvu mara kumi ya ule wa asubuhi. Akizima simu, akala, akalala, amepigana vita ya kiroho barabara.

"Mlango wa kutokea" ni upi? Mimi siuoni.

Paulo anaandika: "Mungu ni mwaminifu, ambaye hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo, lakini pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea, ili mweze kustahimili" (1 Wakorintho 10:13). Wengi wanasubiri mlango huo uje kama hisia: hamu iishe, moyo utulie, ndipo waondoke. Lakini ukisoma mwisho wa mstari utaona mtu aliyepewa mlango bado anastahimili. Hamu inaweza kubaki nawe hata ukiwa umeshatoka.

Mara nyingi mlango huwa mapema kuliko tunakoutafuta, tena ni wa kawaida mno. Soma habari za Daudi katika 2 Samweli 11 polepole. Wakati wafalme walipokwenda vitani, yeye alibaki Yerusalemu. Jioni akatembea juu ya dari ya jumba, akamwona mwanamke akioga. Akatuma mtu kuuliza. Jibu likaja kwamba huyo ni Bath-sheba, binti Eliamu, mke wa Uria, Mhiti. Jibu hilo ndilo lilikuwa mlango. Mjumbe alimtajia mfalme baba wa yule mwanamke, akamtajia na mume wake, na mume mwenyewe alikuwa askari wa Daudi aliyekuwa vitani. Daudi alikuwa na nafasi ya kusema, "Ahsante," akashuka darini. Alituma tena.

Yusufu naye mlango wake ulikuwa mlango kweli, wa nyumba ya Potifa, na aliutumia akiacha vazi lake mkononi mwa mke wa bwana wake. Alipoteza vazi, akapoteza na kazi, akatupwa gerezani. Tusiwadanganye watu kwamba kutoka hakugharimu.

Kwa hiyo jiulize ukiwa na akili zako timamu, mchana: jaribu langu hunikuta saa ngapi, wapi, nikiwa na nani, baada ya kufanya nini? Ukipata majibu hayo, umeshaonyeshwa milango kadhaa.

Karama za Roho ni zipi, na nitajuaje yangu?

Warumi 12 inataja unabii, huduma, kufundisha, kuonya, kukirimu, kusimamia na kurehemu. 1 Wakorintho 12 inataja neno la hekima, neno la maarifa, imani, karama za kuponya, matendo ya miujiza, unabii, kupambanua roho, aina za lugha na tafsiri za lugha. Mbele kidogo inaongeza masaidiano na maongozi. Waefeso 4 inataja watu wenyewe kuwa ndiyo zawadi: mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na waalimu. Wakatoliki huzungumza pia juu ya vipaji saba vya Roho Mtakatifu, kwa msingi wa Isaya 11. Kwa kuwa orodha hizi hazifanani, mimi naona hakuna hata moja iliyokusudiwa kumaliza yote.

Kuijua yako hakuhitaji ufunuo wa usiku. Anza kutumika mahali penye uhitaji. Baada ya muda ndugu watakuambia wanapojengwa kupitia wewe, na wewe mwenyewe utaona ni kazi gani unaifanya ukiwa umechoka na bado una furaha.

Je, karama za miujiza zimekoma?

Wakristo wanaomheshimu Mungu wanatofautiana hapa. Wapo wanaosema lugha na uponyaji vilikuwa vya wakati wa mitume. Makanisa ya Kipentekoste na wanakarismatiki wanasema vinaendelea, na mimi niko upande huo. Ila amri ya 1 Wathesalonike 5 inatuhusu sote: tusimzimishe Roho, na tujaribu mambo yote tukilishika lililo jema. Unabii usiokubali kupimwa na wengine umeshavunja 1 Wakorintho 14:29.

Mtumishi fulani anaishi dhambini, lakini akiomba watu wanapona. Inawezekanaje?

Hili ndilo swali linalowasumbua watu kuliko yote, na wengine wameacha imani kwa ajili yake.

Biblia inalijua jambo hili vizuri. Balaamu aliyependa ujira alitamka unabii wa kweli. Yuda Iskariote alikuwa mmoja wa wale 12 waliopewa amri juu ya pepo wachafu na kutumwa kuponya magonjwa. Kanisa la Korintho halikupungukiwa na karama yoyote, Paulo mwenyewe anashuhudia katika sura ya kwanza ya waraka wake; na kwenye sura ya tatu anawaita watu wa tabia ya mwilini, wenye husuda na fitina. Yesu naye anasema wengi watamwambia siku ile kwamba walitoa unabii na kutoa pepo kwa jina lake, na jibu watakalopewa ni kwamba hakuwajua kamwe.

Sababu yake iko katika 1 Wakorintho 12:7: kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho kwa kufaidiana. Karama inapita kwako ikielekea kwa mgonjwa, kwa mjane, kwa mtoto wa shule ya Jumapili. Mungu akimhurumia mgonjwa, humponya, hata kama aliyemwekea mikono hana hali nzuri. Kwa hiyo kupona kwa mgonjwa ni ushuhuda wa huruma ya Mungu, na hakusemi lolote juu ya usalama wa aliyeomba. Tunda la Roho, upendo na furaha na amani na mengine ya Wagalatia 5, ndilo linalotuonyesha mtu anakaa wapi.

Hatari kubwa zaidi ni ya mwenye karama mwenyewe, kwa sababu huisoma karama yake kama kibali. Samsoni aliingia kwa kahaba huko Gaza, na usiku uleule akang'oa milango ya mji akaipeleka mlimani. Fikiria alivyowaza akishuka mlima ule: mbona nguvu bado zipo? Hakuna kilichobadilika. Akaendelea hivyo mpaka kwa Delila, na siku aliyonyolewa aliamka akisema, "Nitakwenda nje kama siku nyingine," asijue ya kuwa Bwana amemwacha. Zile siku nyingine ndizo zilizomdanganya.

Wapo wanaojitetea kwa Warumi 11:29, kwamba karama za Mungu hazina majuto. Mstari huo unasema juu ya uaminifu wa Mungu kwa Israeli. Kuutumia kumwacha mtu madhabahuni kwa sababu anajaza viti ni kumwonea yeye, na ni kuwaonea wale anaowaumiza.

Mimi sina karama inayoonekana. Nina maana gani?

Paulo anasema viungo vya mwili vinavyodhaniwa kuwa vinyonge zaidi vyahitajiwa zaidi. Anayewasha taa kanisani alfajiri, anayemkumbuka mgonjwa wiki ya sita wakati wengine wameshamsahau, huyo anatumia karama. Petro anatuita sote "mawakili wema wa neema mbalimbali za Mungu" (1 Petro 4:10), na wakili huulizwa juu ya alichokabidhiwa yeye. Ukitamani karama nyingine, iombe. 1 Wakorintho 14:1 inaruhusu kutaka sana, ikitanguliza upendo.

Watu wananisifu sana kwa huduma yangu. Nifanyeje nisiingie kiburi?

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mtumishi naye si mtu tofauti. Usikatae shukrani kwa unyenyekevu wa kujionyesha. Mtu akikushukuru, sema "Mungu asifiwe, nami nimefurahi," halafu achia hapo. Usiirudie sifa ile kichwani usiku kucha. Soma 1 Wakorintho 4:7 mpaka ikae moyoni: "Nawe una nini usichokipokea?"

Wanafunzi 70 walirudi kwa Yesu wakiwa na furaha kwamba pepo wanawatii. Aliwahamisha furaha yao kutoka pale: wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni. Alijua kwamba anayefurahia kazi yake tu, siku kazi ikikauka atakauka nayo.

Nimeomba Mungu aniondolee udhaifu fulani. Mbona haondoi?

Paulo alimsihi Bwana mara tatu juu ya mwiba katika mwili. Hatuambiwi mwiba ulikuwa nini, na nadhani ni heri, maana kila mwenye mwiba wake anaweza kuisoma sura ile kama yake. Jibu lilikuwa: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu" (2 Wakorintho 12:9). Tena Paulo anataja sababu ya mwiba wenyewe: asipate kujivuna kwa wingi wa mafunuo aliyopewa. Mtu aliyepewa karama kubwa alipewa pia kitu cha kumkalisha chini.

Ila tusilibebeshe andiko hili mzigo usio wake. Mwiba hauhalalishi dhambi. Mtu anayempiga mkewe hawezi kusema hasira ni mwiba wake. Udhaifu ambao Paulo anaufurahia ni ule unaomfanya amtegemee Kristo, pamoja na ufidhuli, misiba, adha na shida alizozipata kwa ajili yake.

Neema "kutosha" pia kuna namna yake. Israeli walipookota mana nyikani, waliobakiza mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka, isipokuwa ile ya siku ya sita iliyowekwa kwa ajili ya sabato. Ya leo ilikuwa ya leo. Watu wengi wanaomba nguvu za mwaka mzima, wakipewa za siku moja wanadhani hawakujibiwa. Umefika jioni hujaanguka? Basi ilitosha. Kesho utaomba tena, na hakuna aibu katika kuomba tena.

Kama yote ni kwa neema, juhudi zangu zina kazi gani?

Swali hili ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 5, Pelagius, mtawa aliyetoka Uingereza akaishi Roma, alichukizwa na sala ya Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Sala yenyewe inamwomba Mungu atoe kile anachoamuru, kisha aamuru apendavyo. Pelagius aliona sala ya namna hiyo itawafanya watu walale: Mungu akiamuru, mtu anaweza, basi afanye. Augustino alijua moyo wake mwenyewe. Alikuwa amehangaika kwa miaka na tamaa za mwili, akajua kwamba kuamriwa na kuweza ni mambo mawili. Mwaka 418 Baraza la Kartago likayakataa mafundisho ya Pelagius, na mwaka 529 Baraza la Orange, huko Ufaransa, likatamka kwamba hata ule mwanzo wa imani ni kipawa cha neema.

Hofu ya Pelagius haikuwa ya kipuuzi, wavivu wapo. Lakini tiba yake ilimwacha mnyonge peke yake na amri. Paulo anayaweka yote mawili pamoja bila shida. Utimizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka, anasema, "kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu" (Wafilipi 2:12-13). Na juu yake mwenyewe: alizidi kufanya kazi kupita wenzake wote, "wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami." Funga, soma, kesha, kimbia. Ukimaliza utagundua kwamba hata ile hamu ya kufunga ulipewa.

Basi si watu watatenda dhambi wakijua neema ipo?

"Hasha!" ndilo jibu la Warumi 6. Tito 2:12 inaongeza kwamba neema yenyewe hutufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia. Ikiwa kile unachokiita neema hakijawahi kukukataza kitu, kichunguze upya.

Nimeanguka kwenye dhambi ileile tena. Je, Mungu amenichoka?

Kabla Petro hajamkana, Yesu alishamwambia, "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako" (Luka 22:32). Alimwombea kabla ya kosa, akampa na kazi ya baada ya kosa. Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Katika Yohana 21 anakuta moto mwingine wa makaa ufuoni, samaki wamewekwa juu yake, na Bwana anamwuliza mara tatu kama anampenda. Yesu hakulipitia kosa lile kimyakimya. Aligusa palepale palipouma, kisha akamkabidhi kondoo.

Kwa hiyo rudi leo. Usisubiri wiki mbili za "kujisafisha" kabla ya kuomba. Waebrania 4:16 inatuita kwenye kiti cha neema kwa ujasiri wakati wa mahitaji, na saa ya kuanguka ni wakati wa mahitaji. Itaje dhambi kwa jina lake. Mwambie mtu mmoja mzima kiroho anayejua kutunza siri, kama Yakobo 5:16 inavyoagiza, kwa sababu dhambi inayorudi mara kwa mara hupenda mno giza. Ulichokitwaa, kirudishe, kama Zakayo. Na ikiwa ni ulevi, dawa za kulevya, kamari au picha chafu, tafuta pia mshauri au daktari anayelijua tatizo hilo. Kufanya hivyo si upungufu wa imani.

Mtumishi mwenzangu ameanguka. Nimtendeeje?

Wagalatia 6:1 inawaambia walio wa Roho wamrejeze upya kwa roho ya upole, kila mmoja akijiangalia nafsi yake asije akajaribiwa yeye naye. Nenda kwake mwenyewe kabla ya kwenda kwa wengine. Msikilize mpaka amalize. Usimsaidie kuficha: ikiwa kuna mtoto au mtu mwingine aliyedhulumiwa, huyo ndiye wa kwanza kulindwa, wazee wa kanisa waambiwe, na palipo na uhalifu vyombo vya sheria vipewe taarifa bila kuchelewa. Apumzishwe huduma kwa muda wa kutosha, familia yake isiachwe bila mtu wa kuitembelea, na aendelee kuketi kwenye ibada kama ndugu. Akiwa hana kipaza sauti mkononi ataanza kuombewa kama muumini mwingine yeyote, na wengi waliorejezwa wanasema walikuwa wamekosa maombi hayo kwa miaka.